Wosia na hati za kibanja katika Buhaya

Wosia na hati za kibanja ni karatasi za binafsi na za kisheria ambazo familia za Wahaya katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, huzitumia kuonyesha nani ana haki juu ya ardhi ya nyumbani na nani ataipokea baada ya mwenyewe kufa. Miongoni mwake kuna wosia, mikataba ya mauziano, stakabadhi za kodi na za kahawa, vyeti vya ubatizo na vya ndoa, mihtasari ya vikao vya ukoo na hukumu za mahakama.

Kabla ya mwisho wa karne ya 19 haki hizo zilithibitishwa kwa maneno, kwa mashahidi na kwa alama zilizo juu ya ardhi yenyewe. Karatasi zilikuja baadaye, nazo hazikuondoa mashahidi: hadi leo wosia ulioandikwa vizuri huweza kukataliwa mahakamani kama haukushuhudiwa na watu wanaotakiwa. Hata hivyo karatasi zilibadilisha jambo moja kubwa. Zilimpa baba uwezo wa kumwachia binti yake ardhi ya ukoo kwa njia ambayo mahakama ingeweza kuisoma. Kesi iliyoanza katika wilaya ya Muleba mwaka 1988 ilionyesha matokeo yake kwa nchi nzima.

## Kibanja na ukoo

*Kibanja* (kwa wingi *bibanja*) ni shamba la nyumbani la Mhaya. Ndani yake huwa na nyumba, migomba, mibuni, maharagwe na miti ya matunda, na kwa kawaida pia makaburi ya wazee wa familia. Udongo wa kibanja hurutubishwa kwa samadi na majani kwa vizazi vingi, ndiyo maana thamani yake hupita sana ile ya *rweya*, yaani mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi. Katika rweya watu hulisha ng'ombe na kukata nyasi, na wanawake hulima mazao ya msimu. Kibanja kilichoachwa bila mtu wa kukitunza huitwa *kikamba*.

Kwa mila, kibanja kilichorithiwa ni ardhi ya ukoo. Mwenye kuishi hapo hukitumia, hula mazao yake na hukipitisha kwa wanawe, lakini hahesabiwi kuwa na uhuru kamili wa kukitoa kwa mtu baki. Akikiuza nje bila idhini, watu wa ukoo wana haki ya kukikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Kibanja ambacho mtu amekinunua kwa fedha zake mwenyewe ni tofauti: mwenyewe huweza kukiuza au kumpa amtakaye. Kikisharithiwa na watoto wake, nacho huanza kuhesabiwa kuwa cha ukoo.

Mrithi mkuu huitwa *omusika*. Kwa kawaida ni mtoto wa kiume wa kwanza, ambaye hupokea sehemu kubwa pamoja na nyumba ya baba na wajibu wa kusimamia familia. Wana wengine hupata sehemu zao. Mabinti walitegemewa kuolewa na kuishi kwenye kibanja cha ukoo mwingine. Aliyerudi nyumbani kwa sababu ya talaka au ujane aliweza kupewa mahali pa kuishi na kulima maishani mwake tu.

## Ushahidi kabla ya karatasi

Mipaka ya vibanja huonyeshwa kwa *omulamula*, mmea wa jamii ya *Dracaena* unaopandwa kwenye mstari kati ya jirani na jirani. Wachaga wa Kilimanjaro hutumia mmea wa jamii hiyohiyo, wanaouita isale. Mmea huu huishi miaka mingi na huchipua tena hata ukikatwa, hivyo si rahisi kuuondoa pasipo kuacha dalili.

Kaburi ni ushahidi wa pili. Watu wanaoweza kuonyesha mahali alipozikwa babu yao ndani ya kibanja wana hoja nzito kuliko mtu anayesema tu kwamba ardhi ni yake. Mibuni na migomba iliyopandwa na mzee fulani huhesabiwa vivyo hivyo.

Ushahidi wa tatu ni watu. Mzee aliyetaka kugawa mali yake aliwaita watu wa ukoo na majirani, akawaonyesha mipaka na kutaja sehemu ya kila mmoja. Ardhi ilipobadili mikono, walioshuhudia walikunywa pamoja *rubisi*, pombe ya ndizi, na hivyo kila mmoja akajua kwamba ataulizwa siku ya ugomvi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba shahidi hufa, huhama au hubadili maneno. Nguvu yake ni kwamba jambo lililofanywa mbele ya kijiji kizima ni gumu kughushi.

## Kuja kwa karatasi

### Wakati wa Wajerumani

Karatasi za kwanza zinazoueleza mji wa Bukoba ni za mtu aliyeuanzisha kama kituo cha Wajerumani. Emin Pasha, aliyezaliwa kwa jina la Eduard Schnitzer mwaka 1840 huko Silesia, alikuwa daktari na mtaalamu wa ndege, na aliwahi kuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Alifika ufukweni mwa Ziwa Viktoria akiwa katika utumishi wa Ujerumani, akajenga kituo cha Bukoba mnamo Novemba 1890, na kuondoka miezi michache baadaye, mwaka 1891. Aliuawa mashariki mwa Kongo mnamo Oktoba 1892. Alikuwa na desturi ya kuandika shajara, nazo zilihaririwa na Franz Stuhlmann, msafiri mwenzake. Shajara hizo zimehifadhiwa katika jiji la Hamburg.

Jambo lililogusa watu wengi zaidi lilikuwa amri ya Kaisari wa Ujerumani ya tarehe 26 Novemba 1895. Amri hiyo ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Aliyedai umiliki kamili alitakiwa kuthibitisha kwa hati. Wenyeji walitambuliwa kwa sababu wanakaa na kulima mahali hapo, lakini kukaa na kulima hakukuhesabiwa kuwa umiliki. Tangu hapo ardhi iliwekwa katika makundi mawili, ile yenye karatasi na ile isiyo nayo, na mgawanyo huo uliendelea kwa sura mbalimbali baada ya Uingereza kuchukua nchi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya gavana, na marekebisho ya mwaka 1928 yakatambua kwamba mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila yake ana haki ya kuikalia hata kama hana hati.

### Misheni, kahawa na mabaraza

Wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers walianza kituo cha Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Walutheri walifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa familia nyingi, jina la mtu liliandikwa kwa mara ya kwanza katika kitabu cha ubatizo, pamoja na majina ya wazazi na mahali walipotoka. Vitabu hivyo havikukusudiwa kuthibitisha urithi, lakini vinaweza kuonyesha nani ni mtoto wa nani na ndoa ipi ilitangulia.

Shule za misheni zilitoa pia watu wanaojua kuandika. Katekista au mwalimu wa kijiji ndiye aliyeweza kuitwa kuandika wosia wa mzee asiyejua kusoma. Kutoka kizazi cha kwanza cha wasomi alitokea Francis Xavier Lwamugira wa Kiziba, aliyetumikia utawala wa wenyeji wa Bukoba na kuandika historia ya Kiziba kwa Kihaya.

Kahawa iliongeza thamani ya kibanja na idadi ya karatasi. Mkulima alipokea stakabadhi kwa kilo alizouza na kulipa kodi kwa fedha alizopata. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichojulikana kwa kifupi kama BNCU, kilianzishwa mwaka 1950. Stakabadhi ya kahawa haisemi kwamba ardhi ni ya nani, lakini rundo la stakabadhi za miaka 20 zenye jina moja huonyesha nani alikuwa akivuna hapo.

### Mila inaandikwa kitabuni

Katika miaka ya ukoloni wa Uingereza, mabaraza ya wenyeji yalisikiliza kesi nyingi za ardhi, na maofisa walitaka kujua mila inasema nini. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa serikali katika mambo ya jamii, alifanya kazi hiyo pamoja na M. M. Hartnoll. Kitabu chao kuhusu sheria za mila za Wahaya kilitolewa mwaka 1945. Kilipanga kwa aya zenye namba mambo ya ndoa, urithi, mauzo ya ardhi na haki ya ukoo kukomboa. Mahakama zimekuwa zikikitaja kwa miongo mingi.

Kuandika mila kulikuwa na faida na hasara. Hakimu mgeni aliweza kuifuata bila kutegemea maneno ya upande mmoja. Lakini mila ambayo wazee walikuwa wakiitumia kwa kuangalia hali ya kila familia ilipata sura isiyobadilika, na waliohojiwa zaidi walikuwa wanaume wenye vyeo. Cory alifariki mwaka 1962. Mkusanyo wa karatasi zake umehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

## Nyarubanja

Aina moja ya ardhi ilileta ugomvi wa pekee. *Nyarubanja* ilikuwa eneo ambalo *omukama*, yaani mfalme, alimpa ndugu yake au mtu aliyemtumikia, pamoja na watu waliokuwa wakiishi humo. Watu hao waligeuka wapangaji juu ya vibanja ambavyo wazee wao walivilima, wakatakiwa kutoa mazao, kazi au fedha kwa bwana wa eneo. Utaratibu huu ulikuwepo katika falme za Buhaya kama Kiziba, Kianja na Ihangiro. Sehemu kubwa ya iliyokuwa Ihangiro iko leo katika wilaya ya Muleba.

Kahawa ilipoanza kuleta fedha, kuwa bwana wa nyarubanja kulikuwa na faida kubwa zaidi, na swali la nani ni mpangaji na nani ni mwenye kibanja likawa zito. Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha mwaka 1965 sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na mwaka 1968 sheria nyingine iliyohusu upangaji wa kimila kwa jumla. Aliyekuwa mpangaji alitambuliwa kuwa mwenye haki juu ya ardhi aliyoitumia. Hivyo karatasi za zamani zinazomtaja mtu kuwa "mpangaji" hazina tena nguvu ya kumwondoa, ingawa bado zinasaidia kuelewa historia ya kibanja.

## Aina za hati na kazi yake

Hati zinazoweza kupatikana katika nyumba ya Mhaya hazina nguvu sawa.

* Wosia huonyesha matakwa ya marehemu. Nguvu yake hutegemea ulivyoandikwa na ulivyoshuhudiwa.
* Mkataba wa mauziano hutaja muuzaji, mnunuzi, bei, mipaka na mashahidi. Kwa kawaida huandikwa mbele ya viongozi wa kitongoji au kijiji, na ni muhimu ndugu wa muuzaji watie sahihi.
* Muhtasari wa kikao cha ukoo huandikwa baada ya msiba, hasa katika kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Haumpi mtu mali, bali huonyesha kwamba ukoo ulikutana na nani walihudhuria.
* Barua ya uteuzi hutolewa na mahakama kwa msimamizi wa mirathi. Pamoja nayo huja wajibu wa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu ya mgawanyo.
* Hukumu ya baraza au mahakama humaliza mgogoro kati ya waliokuwa katika kesi na huweza kutumiwa na watoto wao.
* Stakabadhi za kodi na kahawa, vyeti vya ubatizo na ndoa husaidia kuthibitisha ukaaji na uzazi, lakini haziundi haki ya ardhi zenyewe.

Mahakama hutazama pia muda. Kwa kawaida dai la kurudisha ardhi linatakiwa kuletwa ndani ya miaka 12. Mtu mwenye karatasi nzuri aliyekaa kimya zaidi ya muda huo akiangalia mwingine akilima anaweza kushindwa.

## Sheria ya wosia ya mwaka 1963

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitangaza sheria za mila zilizounganishwa kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, katika kazi iliyoanzishwa na Cory. Urithi na wosia vimo katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka huo.

Wosia wa mdomo unatakiwa kushuhudiwa na watu wasiopungua 4, wakiwemo 2 wa ukoo na 2 watu baki. Kwa wosia wa maandishi, mashahidi wawe watu wanaojua kusoma na kuandika. Ikiwa mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wanatosha 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Ikiwa hajui, wanatakiwa 4, nusu wa ukoo na nusu watu baki. Mke au wake walio nyumbani pia wanatakiwa kushuhudia. Wosia uandikwe kwa wino au kupigwa chapa, usiandikwe kwa penseli, nao uwe na tarehe. Mwenyewe awe na akili timamu, atie sahihi au dole gumba, na mashahidi watie sahihi wakiwa pamoja naye.

Kila sharti lina sababu. Mtu wa ukoo huthibitisha kwamba ndugu hawakufichwa. Mtu baki hana mgawo anaoutarajia, kwa hiyo maneno yake hayashukiwi upesi. Penseli hufutika. Tarehe huonyesha wosia upi ni wa mwisho iwapo kuna zaidi ya mmoja. Wosia ukikosa masharti haya huhesabiwa batili, na mali hugawanywa kana kwamba marehemu hakuacha wosia.

Mwenye wosia anaweza pia kumnyima mrithi, lakini kwa sababu zilizotajwa katika sheria tu. Miongoni mwake ni mrithi kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua au kumshambulia yeye au mama yake, na kukataa bila sababu ya haki kumtunza katika ugonjwa au njaa. Anayenyimwa atajwe waziwazi, na awe na nafasi ya kujitetea.

Pasipo wosia, sheria hiyo hugawa warithi katika madaraja matatu. Mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza yuko daraja la kwanza, wana wengine daraja la pili, na mabinti daraja la tatu. Kanuni ya 20 inasema kwamba wanawake wanaweza kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo wanaweza kuitumia lakini si kuiuza, isipokuwa pale ambapo hakuna mwanamume aliyebaki katika ukoo huo. Kwa kanuni ya 27, mjane hana sehemu yake katika urithi ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo. Anategemea kutunzwa na watoto wake.

## Kesi ya Muleba, 1988–1990

Kanuni ya 20 ilipimwa katika kesi inayojulikana kwa jina la *Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory*. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia uliokubalika kuwa halali. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza, aliiuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake mtoto wa ndugu yake alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akiomba mauzo yatanguliwe kwa sababu mwanamke kwa mila ya Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo.

Mahakama ya Mwanzo ilimkubalia na kuamuru fedha zirudishwe kwa mnunuzi. Mahakama ya Wilaya ya Muleba iligeuza uamuzi huo. Ilisema kwamba haki za msingi, zilizoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, zimefuta tofauti kati ya mwanamke na mwanamume katika jambo hili. Mpwa akakata rufaa hadi Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza.

Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu tarehe 22 Februari 1990. Alitaja katazo la ubaguzi katika Katiba, Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu na mkataba wa kimataifa wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Alieleza kwamba sheria iliyoingiza haki hizo iliziruhusu mahakama kuzisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Kwa hiyo kanuni ya 20 isomwe kwamba wanawake na wanaume wana haki sawa ya kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Hukumu hiyo haikuondoa mila ya ukoo kukomboa ardhi. Kwa mila, mwanamume anayeuza kibanja cha ukoo kwa mtu baki huweza kukuta ndugu zake wakikikomboa. Mahakama iliweka mauzo ya mwanamke chini ya masharti hayohayo. Mpwa alipewa muda wa miezi 6 kuikomboa ardhi kwa kulipa shilingi 300,000. Akishindwa, ardhi ingebaki kwa mnunuzi.

Kesi hii hukumbukwa kwa sababu ya usawa wa jinsia, lakini inasema jambo pia kuhusu karatasi. Kwa kuwa uhalali wa wosia haukuwa na ubishi, swali lililobaki lilikuwa moja tu: je, mwenye ardhi hiyo anaweza kuiuza ikiwa ni mwanamke? Mahakama isingefika kwenye swali hilo kwa urahisi kama wosia wenyewe ungekuwa na kasoro.

## Baada ya hukumu

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kupata, kutumia au kumiliki ardhi ni batili. Sheria hiyo iliweka pia hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na kijiji baada ya mipaka kuhakikiwa, na ambayo nguvu yake ni sawa na ile ya hati za mijini. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, nao 3 kati yao sharti wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mabaraza ya Kata yaliwahi kuamua kesi, lakini marekebisho ya mwaka 2021 yameyaachia usuluhishi tu, na migogoro isiyosuluhishwa huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tangazo la mwaka 1963 halikufutwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili wa Shinyanga, ilikubali kwamba kanuni za urithi zina ubaguzi lakini ikakataa kuzifuta, ikiogopa kufungua mlango wa kupinga mila zote. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane hao. Kwa hiyo binti au mjane wa Kagera ana Katiba, hukumu ya 1990 na sheria ya 1999 upande wake, huku kanuni za zamani zikiendelea kuwepo katika vitabu.

Ukimwi ulifanya jambo hili kuwa la haraka. Wagonjwa wa kwanza waliotambuliwa nchini walipatikana Kagera mwaka 1983, na mkoa ulipoteza watu wengi wakiwa bado vijana. Desturi ya kusubiri uzee kabla ya kugawa mali haikufaa tena pale ambapo baba na mama waliweza kufariki wakiacha watoto wadogo. Mtoto yatima hawezi kukumbuka mipaka aliyoonyeshwa akiwa na miaka 4, na shahidi pekee anayebaki huweza kuwa ndiye amebaki akitumia kibanja.

## Ulinganisho na nchi nyingine

Mvutano kati ya mtu aliyelima na mtu mwenye karatasi haukuwa wa Buhaya peke yake. Daniel Boone, mmoja wa walowezi mashuhuri wa Marekani, alifungua njia ya kuingia Kentucky mwaka 1775, lakini alipoteza karibu ardhi yote aliyodai huko kwa sababu madai yake hayakupimwa na kusajiliwa ipasavyo, na mengine yaligongana na ya watu wengine. Mwaka 1799 alihamia Missouri, iliyokuwa chini ya Hispania. Marekani ilipochukua eneo hilo, alinyimwa pia ardhi aliyopewa huko kwa kuwa hakutimiza masharti ya maandishi, hadi Bunge la Marekani lilipomrudishia sehemu mwaka 1814.

Tofauti ni kwamba walowezi hao waliingia katika nchi za wenyeji wa asili, ambao haki zao juu ya ardhi hiyo hazikuheshimiwa na ofisi zilizoandika hati. Katika Buhaya wenyeji walibaki kwenye vibanja vyao, na mashahidi wa ukoo hawakuondolewa kabisa na karatasi.

## Utunzaji wa hati

Hati za familia hutunzwa mara nyingi nyumbani. Hatari zake ni unyevu wa kanda ya ziwa, mchwa, moto na watu wenye nia ya kuzificha. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na maeneo ya jirani. Hati yenye nakala moja huangamia pamoja na nyumba.

Wosia unaweza kuhifadhiwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), kwa wakili, benki au kiongozi wa dini. Nakala ya mkataba wa mauziano inafaa ibaki pia katika ofisi ya kijiji. Mahali popote unapowekwa, wosia hausaidii kama hakuna anayejua ulipo, kwa hiyo mtu mmoja au wawili wasio warithi huambiwa.

Kwa wanahistoria, karatasi hizi zina thamani inayozidi ugomvi wa ardhi. Wosia wa mzee wa Kamachumu au Kiziba hutaja majina ya mashamba, idadi ya mibuni, madeni, ng'ombe walio kwa marafiki na watoto kwa mpangilio wa mama zao. Mambo hayo hayapatikani katika ripoti za serikali, na kila sanduku linaloliwa na mchwa hupunguza yanayoweza kujulikana kuhusu maisha ya watu wa kawaida wa Buhaya.